Kufunga Kamera Kwenye Ndege Ndogo: Mwongozo kwa Anayeanza Kurekodi Safari Zake

Maswali ni yale yale kila mara. Niifunge wapi? Mbona propela imejikunja kama mundu? Mbona sauti ni ngurumo tupu, hata mnara wa kuongozea ndege hausikiki? Mbona kamera ilizima kabla sijatua? Nimeyajibu kwa mdomo mpaka nimechoka, mara nyingi milango ya hanga ikiwa wazi na muulizaji ameshika kamera mkono mmoja, tepu mkono wa pili. Kwa hiyo nimeyaandika.

Mwongozo huu unahusu ndege za injini moja, viti viwili hadi vinne, jamii ya Cessna 172 na Piper PA-28, pamoja na kamera ndogo za aina ya GoPro na wenzake. Simu nayo inafaa kama huna kingine, ila kuishikiza ikatulia ni kazi zaidi.

Kabla hujagusa chochote, jua kwamba kamera iliyolegea ndani ya ndege ni hatari kuliko inavyoonekana mkononi. Tarehe 9 Februari 2014, ndege ya Voyager ya jeshi la anga la Uingereza ikiwa na watu 198 iliporomoka futi 4,400 kwa sekunde 27. Injini zilikuwa nzima. Kamera ya nahodha ilikuwa imekaa kati ya kiegemeo cha mkono na fimbo ya kuongozea. Aliposogeza kiti mbele, kiegemeo kikaisukuma kamera, kamera ikaisukuma fimbo. Voyager ni Airbus yenye kompyuta zinazoingilia kati ndege ikizidi mipaka. Yako haina. Ukifika hatua ya 4 na ya 5, usiziruke kwa kuwa una haraka ya kupata video.

Vitu vya kuandaa

- Kamera moja. Narudia, moja. Wanaoanza na tatu huishia na mafaili kibao wasiyoyahariri kamwe.
- Kadi ya kumbukumbu yenye alama ya V30 au U3 (alama za kasi ya kuandika). Video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, maana yake kadi ya GB 128 inakupa chini kidogo ya saa tatu.
- Kishikio: cha mpira wa kunyonya kama utabandika kwenye kioo, au cha kubana kama kuna bomba. Mkono wake uwe mfupi na wenye viungo vichache. Kila kiungo ni mahali pengine pa kutikisika.
- Kamba nyembamba imara isiyonyumbuka, na kulabu ndogo mbili.
- Kitambaa laini cha aina ya kufutia miwani, na sabuni ya maji isiyo kali au dawa ya kusafishia vioo vya akriliki.
- Pawabenki ya mAh 10,000, waya wa USB, na tepu ya kitambaa isiyoacha gundi.
- Filta za ND (vioo vyeusi vya kupunguza mwanga) za lenzi yako, hasa ND16 na ND32.
- Maiki ndogo ya kubana kwenye shati, pamoja na adapta yake kama kamera inaihitaji.
- Chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa. Si ya kunywa.

Hatua ya 1: Omba ruhusa

Kama ndege ni ya klabu, ya chuo au ya kukodi, muulize mwenyewe kwanza, tena kabla hujanunua kishikio. Wengine hawataki kitu chochote kwenye vioo vyao, na ukijua bei ya kubadilisha kioo cha ndege utawaelewa.

Kitu kinachoshikizwa kwa muda ndani ya ndege na kutolewa kwa mkono ni jambo moja. Kutoboa tundu, kukaza skrubu kwenye mwili wa ndege au kuunganisha waya kwenye mfumo wa umeme ni jambo lingine kabisa: hayo ni mabadiliko ya ndege, na ni kazi ya fundi mwenye leseni, pamoja na karatasi zake. Soma pia kanuni za unakoruka kuhusu vifaa vya kielektroniki. Marekani, kwa mfano, kanuni ya 91.21 inamtaka mwendeshaji wa ndege inayoruka kwa IFR (kanuni za kuruka kwa kutegemea vyombo) ajiridhishe kwamba kifaa hakivurugi mifumo ya urambazaji wala mawasiliano.

Waambie na abiria. Mtu ana haki ya kujua anarekodiwa kabla hajaanza kutapika.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Ushauri wangu kwa video ya kwanza: katikati ya ndege, juu, nyuma kidogo ya mabega ya waliokaa mbele, lenzi ikitazama mbele. Hapo unapata mikono, saa za dashibodi, kioo cha mbele na upeo wa macho katika picha moja, na kamera iko mbali na kila kitu ambacho rubani anakigusa. Ndege isipokuwa na mahali pa kubana juu, tumia dirisha la nyuma la pembeni, kamera ikichungulia mbele kwa kupita begani.

Sehemu za kukataa hata kama picha ingependeza: kioo cha mbele mbele ya rubani, juu ya dashibodi karibu na dira, mlango na dirisha lolote la kutokea kwa dharura, na usawa wa kichwa, mahali ambapo mtu atajigonga ndege ikirushwarushwa na upepo.

Halafu fanya jaribio hili. Keti kwenye kiti cha rubani, kiti kikiwa pale unapokiweka ukiruka, mkanda umefungwa. Fumba macho. Nyosha mkono ufikie kila kitu kimoja kimoja: swichi ya kuchagua tangi la mafuta, wenzo wa flapu (vibawa vya nyuma ya bawa), gurudumu la trimu (la kusawazisha ndege), komeo la mlango, kizima moto. Mkono ukigusa kamera, kishikio au waya hata mara moja, hapo si mahali pake. Hamisha, uanze upya.

Hatua ya 3: Safisha, bandika, jaribu

Vioo vya ndege ndogo nyingi si vioo, ni akriliki, na akriliki ina maadui wengi: dawa za kusafishia madirisha zenye amonia, spiriti, petroli, hata karatasi ya tishu. Kemikali huleta nyufa ndogondogo kama utando wa buibui ambazo hazitoki tena, karatasi hukwaruza. Vua pete na saa. Mwaga maji kwanza yaondoe vumbi, kisha osha kwa sabuni na kitambaa laini, ukivuta juu na chini kwa mistari iliyonyooka badala ya kuzungusha. Acha pakauke. Futa na mpira wenyewe kwa kitambaa chenye unyevu.

Sasa ile chupa. Kabla kishikio hakijaingia kwenye ndege, kibandike kwenye dirisha la nyumbani na ukitundikie chupa kwa kamba. Chupa ina kilo moja na nusu. Kamera ndogo ina gramu 150 hivi. Weka kipande cha tepu ukingoni mwa mpira kama alama, ondoka, rudi baada ya saa moja. Mpira ukiwa umeteleza hata kidogo kutoka kwenye alama, au ukiukuta sakafuni na chupa yake, kishikio hicho kipeleke kwenye gari.

Kwa nini ukali wote huu? Ndege ndogo za daraja la kawaida zimesanifiwa kuhimili mzigo wa hadi mara 3.8 ya uzito wake, na kwenye hewa yenye misukosuko kamera yako nayo inazidishiwa uzito vilevile. Jambo la pili ndilo linalosahaulika: mpira wa kunyonya haujivuti wenyewe kwenye kioo, unasukumwa na hewa iliyo nje yake. Kwenye futi 10,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 70 ya lile la usawa wa bahari. Kishikio kilichokaza vizuri ardhini kinapoteza karibu theluthi ya nguvu zake wakati huo huo unapoingia mawinguni na kuanza kutikisika.

Kwa hiyo, ndani ya ndege: bandika penye kioo bapa, bonyeza kutoka katikati kwenda pembeni, kaza, kisha vuta kwa mkono pande zote. Rudia kabla ya kila safari, na hasa ndege ikiwa imeshinda juani, maana mpira wenye joto hulegea.

Wanaopenda vibandiko vya gundi: gundi za povu zenye nguvu hukomaa polepole, siku moja hadi tatu. Usibandike asubuhi ukaruka mchana. Na usibandike kabisa kwenye ndege isiyo yako.

Hatua ya 4: Kamba ya usalama

Chukulia kwamba kishikio kitaachia. Swali ni kamera itaishia wapi.

Funga ncha moja kwenye mwili wa kamera au kizimba chake, si kwenye mkono wa kishikio, kwa sababu viungo ndivyo huachia. Ncha ya pili ifungwe kwenye kitu kisichotembea na kisichohusika na uongozaji: kishikio cha mkono cha abiria, au fremu ya kiti cha nyuma. Kisha achia kamera kwa makusudi, ianguke. Tazama inapoishia kuning'inia. Isukume mbele, nyuma na pembeni uone inafika wapi. Ikiweza kugusa usukani, kidhibiti cha kabureta, flapu au kichwa cha mtu, fupisha.

Kamba yangu ya kwanza niliiona fupi. Nilikuwa nimeipima viti vikiwa nyuma. Siku ya safari abiria wangu, mtu mfupi, akasogeza kiti chake mbele, na tukiwa tunakaribia kutua kamera ikabanduka, ikaanza kubembea na kumgonga sikioni kwa utaratibu kama kengele. Tulitua salama. Kwenye video kuna sekunde arobaini za sikio. Tangu hapo napima viti vikiwa mbele kabisa na vikiwa nyuma kabisa.

Hatua ya 5: Usukani na dira

Kila kitu kikiwa mahali pake, zungusha usukani au fimbo mpaka mwisho wa kila upande, vuta yote, sukuma yote, kanyaga pedali zote mbili mpaka mwisho. Usiangalie mabawa tu, angalia waya wa kamera: je, unajikaza? Unajikunja karibu na mguu wa mtu? Ubandike tepu kila sentimita ishirini hivi ukifuata ukuta wa ndege.

Dira sasa. Washa umeme wa ndege, soma dira kamera ikiwa nje. Ilete kwenye kishikio, iwashe, anza kurekodi, soma tena. Sindano ikisogea hata kidogo, sogeza kamera mbali. Vishikio vya sumaku, hata viwe rahisi namna gani, viache ardhini.

Mwisho zima Wi-Fi na Bluetooth ya kamera, kwa ajili ya GPS na redio, na pia kwa sababu vinakula betri bure.

Hatua ya 6: Umeme na kadi

Betri ya kamera ndogo kwa 4K inakupa saa moja au saa moja na nusu, na kwenye baridi ya juu inapungua. Pawabenki ndiyo dawa. Iweke kwenye mfuko wa nyuma ya kiti, mahali unapoweza kuifikia na kuichomoa, kwa kuwa betri za lithiamu huweza kushika moto. Iliyovimba au iliyowahi kuanguka vibaya usipande nayo.

Ukitaka kutumia soketi ya ndege, soma kwanza kitabu cha ndege. Ndege nyingi zina mfumo wa volti 28, na chaja ya gari iliyotengenezwa kwa volti 12 pekee itaungua hapo. Nunua inayobeba zote mbili.

Futa kadi kwa kuifomati ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta. Weka saa na tarehe sahihi. Hizi ni dakika mbili tu.

Hatua ya 7: Mipangilio ya picha

Hapa ndipo propela inapowashinda watu, kwa hiyo tukae kidogo.

Kamera hizi hazipigi picha nzima kwa mkupuo. Zinasoma kihisi mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Propela ya mizunguko 2,400 kwa dakika inazunguka mara 40 kila sekunde. Wakati mistari ya chini inasomwa, jani limeshahama, ndipo linapotokea limepinda, au limekatika na kuelea hewani peke yake. Kwenye jua kali mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa kamera yenye lenzi ya f/2.8 huchagua shata (muda wa kuingiza mwanga kwa kila fremu) ya sekunde 1/3200 hivi. Katika muda huo propela imezunguka nyuzi nne na ushee tu, kwa hiyo kila jani linaonekana kama kisu.

Huwezi kubadilisha namna kihisi kinavyosoma. Unachoweza ni kuifanya shata iwe polepole, jani liwe ukungu mwepesi kama jicho linavyoliona. Kwa shata ya 1/50 propela inazunguka karibu duara zima ndani ya fremu moja, na ule mundu unapotea. Kazi ya filta ya ND ni kupunguza mwanga ili shata hiyo iwezekane: ND32 inagawa mwanga kwa 32, hivyo 1/3200 inakuwa 1/100, ND64 inaifikisha 1/50. Mimi huishia na ND32. Ukipunguza zaidi, mtetemo wa injini unaanza kufifisha na saa za dashibodi, na jioni picha inakuwa giza.

Mipangilio mingine, haraka haraka:

1. Fremu 25 au 30 kwa sekunde. Fremu 60 hazina faida hapa, zinalazimisha shata iwe ya kasi.
2. ISO (usikivu wa kihisi kwa mwanga) ya juu kabisa iwe 400. Ukiiachia kamera ijiamulie, dashibodi nyeusi itaidanganya na anga litaungua likawa jeupe. Shusha mwanga kwa nusu hatua hadi hatua moja.
3. Rangi ya mwanga iwe 5500K, isiwe otomatiki. La sivyo kila ukigeuza ndege rangi inabadilika.
4. Zima kituliza picha. Najua hutaamini. Kituliza picha kinafuata miendo ya kamera dhidi ya dunia, na kamera yako imefungwa kwenye ndege. Ukiwasha, upeo wa macho utatulia na kokpiti ndiyo itaanza kuyumbayumba kama jahazi.
5. Usitumie filta ya polaroidi. Ikikutana na akriliki inaleta michirizi ya upinde wa mvua, na skrini za dashibodi zinaweza kugeuka nyeusi.

Hatua ya 8: Sauti

Mtazamaji atavumilia picha ya wastani. Ngurumo ya injini kwa dakika ishirini hatavumilia, hata mama yako.

Njia rahisi ni kuingiza maiki ndogo ndani ya hedseti, kati ya sikio na sifongo, na kupitisha waya wake chini ya mto wa sikio. Inashika unachosikia wewe: redio, mwenzako, sauti yako mwenyewe, huku injini ikibaki kwa mbali. Ihamishe mpaka isikuumize, maana baada ya nusu saa kokoto ile sikioni inakuwa kero kubwa. Na mto wa sikio lazima uzibe vizuri. Usalama wa kusikia redio uko mbele ya video.

Njia ya pili ni waya maalumu unaoingia kwenye tundu la hedseti la kiti kilicho wazi na kutoka kwenda kwenye kamera. Uwe wenye kipunguza nguvu ndani yake. Sauti ya intakomu (mfumo wa mazungumzo ndani ya ndege) ina nguvu nyingi mno kwa tundu la maiki, na waya wa kawaida utakupa mikwaruzo mitupu.

Ukikusudia kuitangaza video, angalia sheria kuhusu mazungumzo ya redio. Uingereza, kwa mfano, kuyaweka hadharani bila idhini ni kosa.

Hatua ya 9: Jaribio ardhini

Rekodi dakika tatu injini ikiwaka, ikiwemo wakati wa kuipandisha mizunguko kwa ukaguzi wa magneto (vifaa vinavyotoa cheche za injini). Zima injini, itazame kwenye skrini kubwa, usikilize kwa hedfoni. Karibu kila kosa lililomo kwenye mwongozo huu linaonekana katika dakika hizo tatu, na ardhini marekebisho ni ya bure.

Hatua ya 10: Ruka, uisahau

Anza kurekodi kabla ya kuwasha injini. Taja kwa sauti tarehe na namba ya ndege, piga kofi moja mbele ya lenzi (litakusaidia kuoanisha sauti na picha), hakikisha taa nyekundu inawaka. Kuanzia hapo kamera ni mzigo kama begi. Ikizima, imezima. Ikigeuka ikatazama dari, utakuwa na video ya dari.

Mwezi Mei 2014 ndege ya Cessna 150 ilianguka usiku karibu na Watkins, Colorado, ikaua wawili. Wachunguzi wa Marekani walikuta kwenye kamera ya ndani video za safari fupi zilizotangulia, simu zikitumika kupiga picha za kujipiga zenye flashi, moja wakati ndege inapaa. Hitimisho lao lilikuwa kwamba matumizi ya simu katika kimo cha chini huenda yalimtoa rubani kwenye kazi yake. Kuna na jambo dogo kuliko hilo ambalo nimeliona kwangu mwenyewe: ukijua unarekodiwa, unashawishika kutua pale ambapo siku nyingine ungezunguka tena. Ukijihisi hivyo, zima kamera kabla ya mzunguko wa kutua, au mwachie abiria aizime.

Na nje ya ndege?

Bawani, kwenye mhimili wa bawa, mkiani: picha ni tamu, nami nazipenda. Lakini si kazi ya kuanzia, na kwa ndege zenye cheti usifunge kitu nje bila kuzungumza na fundi na kujua mamlaka ya anga inataka kibali gani. Kwa kasi ya noti 100 (maili za baharini kwa saa) upepo unaisukuma kamera ndogo kwa nguvu ya karibu nusu kilo. Kwa noti 140 inakuwa karibu mara mbili. Nguvu hiyo si kubwa, ila haikomi na inatikisa, na kamera ikichomoka inaweza kugonga mkia, au mtu aliye chini. Mipira ya kunyonya isitumike nje kabisa. Kaa mbali na mrija wa pitoti na matundu ya shinikizo tuli (ndivyo vinavyolisha kipima kasi), na kifaa cha onyo la stoli (bawa kupoteza nguvu ya kuinua), na mbali mno na propela.

Ukikwama

*Picha inatikisika kama maji ndani ya beseni.* Ni mtetemo wa injini. Fupisha mkono wa kishikio kwanza, kaza viungo, kisha acha kamera iegemee kipande cha sifongo kigumu. Ikizidi kwenye mizunguko fulani tu ya injini, hama mahali. Kila ndege ina sehemu zake zilizotulia.

*Shati langu jeupe linaonekana kwenye kioo.* Vaa nguo nyeusi, ondoa karatasi juu ya dashibodi, sogeza lenzi karibu na kioo kadiri inavyowezekana. Kitambaa cheusi juu ya dashibodi kinasaidia, mradi kisizibe matundu ya hewa ya kioo.

*Kamera inazima kwa joto.* Toa betri, tumia pawabenki peke yake kama kamera yako inaruhusu, shusha 4K iwe 1080p, fungua tundu la hewa liielekee. Usiiache chini ya kioo juani ukiwa unakunywa chai ofisini.

*Redio inavuma tangu nilipochomeka chaja.* Fungua skelchi (kizuia mvumo cha redio) usikie mvumo, kisha chomoa chaja. Mvumo ukiisha, umempata mhalifu. Chaja za soketi ndizo wakosaji wakubwa. Rudi kwenye pawabenki.

*Sauti inapasuka.* Punguza kiwango cha kuingiza mpaka kilele kifike kama desibeli 12 chini ya mwisho. Sauti iliyopasuka haitengenezeki baadaye.

*Skrini za dashibodi zinapepesa.* Badilisha fremu kutoka 30 kwenda 25 au kinyume chake, na ujaribu shata tofauti. Fanya hivyo ardhini.

*Safari moja imekatwa vipande vinne.* Si hitilafu. Kamera nyingi hugawa faili kila gigabaiti 4. Viunganishe kwenye programu ya kuhariri, havina pengo.

*Umeme ulikatika nikirekodi, na faili la mwisho halifunguki.* Usiliguse kwenye kompyuta, wala usirekodi kitu kingine juu yake. Rudisha kadi kwenye kamera ile ile, weka betri iliyojaa, iwashe. Kamera nyingi zitaligundua faili lililokatika na kulitengeneza zenyewe. Subiri mpaka imalize, ndipo uchomoe kadi.